Rudisha Mahari

Wee Phelista, kaka yako Wakoli ametuaibisha!

Ati alilazimisha ile kompyuta yake ya bei rahisi ikimbie kwa spidi kuliko nguvu zake. Tangu asubuhi inapata moto, inajizima. Inapata moto, inajizima!

Kwa hasira akapigia fundi wa kompyuta, Wakhungu wa Bungoma, simu iko kwa spika. Na baba ya Linah bibi yake, Mzee Kipkemei, amekuja kusalimia binti yake, ameketi hapo na chai!

Fundi akapayuka: "Kila saa moto! Imekushinda, bana! Ludisha mahari ilikuwa!"

Mahali, Phelista! Spidi irudi MAHALI ilikuwa! Si unajua Wakhungu anavyochanganya l na r?

Mzee akaweka kikombe chini polepole.

"Linah, chukua koti. Ng'ombe zake nitarudisha. Lakini ndama zilizaliwa kwangu."