Seramu za Ng'ombe wa Mama Njoki

Mzee Mutua,

Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hivyo usitarajie salamu ndefu. Tulikuzika kwa heshima. Mimi ndiye niliyesimama kanisani nikasema ulinifundisha kazi na ukweli. Leo natamani ningenyamaza.

Mkuu mpya wa maabara aliniambia nijaribu vifaa vipya kwa seramu za zamani, yale maji ya damu ya mifugo, zile chupa za akiba ulizosisitiza tuziweke kwenye friza. Nikatoa za ng'ombe wa Mama Njoki, mfugaji wa Dagoretti. Unawakumbuka. Walitokwa na malengelenge mdomoni na kwatoni, tukaletewa damu yao tujue ni aina gani ya kirusi cha ugonjwa wa miguu na midomo, ili apate chanjo inayofaa. Kwenye daftari uliandika aina O. Nimepima mara tatu, Mzee. Si O. Ni SAT 2, zote, aina ambayo chanjo ya O haiikingi.

Kwanza nilidhani nimekosea mimi, maana ndivyo ulivyonizoesha. Kisha nikapekua daftari la stoo. Wiki ile dawa za kupimia aina zote zilikuwa zimeisha. Hukupima chochote. Uliandika O kwa sababu ndiyo tuliyokuwa tukiiona mara nyingi, na kwa sababu uliona aibu kumwambia mtu kwamba hujui.

Na mimi je? Kanuni inataka msomaji wa pili aangalie sahani ya vipimo kwa macho yake. Wewe ulinisomea majibu huku ukinywa chai, ukanisogezea daftari. "Weka sahihi, Kanini, tusichelewe." Nikaweka. Kuomba kuiona sahani kungekuwa kukukosea adabu, mtu wa umri wa baba yangu. Kumbe hata sahani haikuwepo! Nimelia zaidi kwa hilo kuliko nilivyolia siku ya mazishi yako.

Mama Njoki aliwachanja kwa chanjo ya O. Ng'ombe wakaugua tena, ndama wakafa. Alipokuja dirishani kuuliza, nilikuwepo ukimjibu kwa upole: "Chanjo ilikuwa sawa, mama. Muulize mchungaji wako aliwachanganya na ng'ombe gani." Akaenda akamfukuza Kilonzo, mtu mzima aliyewalea ng'ombe wale tangu wazaliwe. Wewe ulirudi ukamalizia chai yako.

Wiki jana nilimtafuta Kilonzo. Siku hizi anachoma nyama Kenyatta Market. Nilimweleza yote, hata sahihi yangu. Alifuta mikono kwenye aproni polepole, akaniambia, "Madam, nilikataa mpaka nikachoka. Saa hii hata mimi naamini nililala kazini."

Hilo ndilo siwezi kukusamehe. Ng'ombe wangeweza kufa hata tungepima vizuri. Lakini ulimfanya mtu asijiamini mwenyewe.

Bado nakupenda, na hilo linaniudhi zaidi. Ni wewe uliyenifunza kushika pipeti nilipokuwa natetemeka, ukanitetea walipotaka kuniachisha mafunzo.

Nimeshamwandikia mkuu, majina yetu yote mawili. Wakinifuta kazi, wanifute. Jumamosi naenda na Kilonzo kwa Mama Njoki. Amekubali kuja, ingawa alisema atasimama nje ya lango kwanza.

Kwaheri, Mzee. Nakuahidi sitakusingizia hata neno moja. Na nitalitaja jina lako kabla Mama Njoki hajaniuliza.

Kanini wako