Koti la Babu Nikodemu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Gervasi Ntakije. Umri: miaka 53. Kazi: mwalimu wa hisabati, shule ya msingi. Makazi: Ujiji, Kigoma.
Yahusu: madai ya kushambuliwa kwa Mzee Nikodemu wa Kidahwe.
Tarehe na saa: 14/6/2025, saa 11:35 jioni, mbele ya Koplo Honorata.

Mimi ni mshenga wa Yona, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye muda huu yuko mahabusu hapa kituoni, hana mkanda wala viatu. Koplo ameniruhusu niandike kwa mkono wangu kwa kuwa ni mwalimu. Ameniomba nisirefushe. Nitajitahidi.

Yona anamposa Joanitha, mjukuu wa Mzee Nikodemu, aliyelelewa na babu huyo. Katika orodha ya mahari kulikuwa na koti la babu. Kwa ukoo wao koti hilo huvaliwa hapo hapo mbele ya wageni, na mzee halivui mpaka wageni waondoke. Akilivua kabla, amekataa posa. Hilo nililijua tangu Februari.

Mwishoni mwa Aprili niliona mtandaoni ukurasa wa muuzaji wa China mwenye makoti ya suti, kopi za kampuni moja kubwa ya Italia. Pichani Mzungu ameegemea gari. Nikasema moyoni, Mzee Nikodemu ataegemea mlango wa jiko na atapendeza vilevile. Sikuomba picha ya koti lenyewe. Malalamiko ya wanunuzi sikuyasoma, yalikuwa mengi na mimi nilikuwa na haraka. Muuzaji aliniuliza, kwa apu ya kutafsiri, upana wa mabega kwa sentimita. Mimi, mwalimu wa hisabati kwa miaka ishirini na nane, nikamjibu: "Mapana."

Akauliza tena. Kumzungushia mzee wa watu futi ya fundi sikuthubutu, angeuliza nani anachonga jeneza. Nikaenda Kidahwe kumsalimia. Salamu zetu Waha zinajulikana: mnashikana mikono, mnapanda viwiko, mnafika mabegani. Nilimsalimia mara tatu asubuhi moja. Mara ya tatu akasema, "Mwalimu, unaniuza?" Nikarudi na vipimo: shibiri tatu na vidole viwili. Nikaagiza saizi kubwa kuliko zote. Sikujua kwamba kubwa ya kule, huku ni ya mtoto wa kipaimara. Na Mzee Nikodemu amebeba magunia bandarini miaka thelathini.

Mzigo ulikaa njiani siku arobaini na moja, moja zaidi ya Kwaresima. Ulifika juzi Alhamisi. Koti lilikuwa la bluu iliyokolea, linanuka kama mlango uliopakwa rangi jana. Nilipolishika, vidole vikabaki bluu. Nikanawa, nikalirudisha kwenye mfuko wake.

Leo saa 5:20 asubuhi tulifika Kidahwe. Saa 6:40 mchana nilisimama nikatangaza: "Koti hili ni orijino, limetoka Italia kwenyewe." Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Shangazi wa binti, Bi Agnesi, akapiga vigelegele.

Kumvalisha kulihitaji wanaume wawili. Vifungo havikukaribiana na matundu yake hata kwa kusalimiana. Mzee akakaa, mikono imenyooka mbele kama anaendesha baiskeli, na Joanitha akawa anamlisha. Nikamwinamia: "Mzee wangu, linabana?" Akajibu, "Mjukuu wangu anaolewa. Nenda kale migebuka, samaki wanapoa."

Kufikia saa 8:15, chini ya bati, jasho lilikuwa linamtiririka na pumzi imekuwa fupi. Sisi wageni tungeaga, yangeisha. Mimi nilikuwa naongeza ugali. Hilo pia nimeliandika.

Ndipo Yona, aliyekuwa akisubiri nje kama inavyompasa, akaingia bila kuitwa. Mzee akamwambia, "Toka. Nikilivua umekosa mke." Yona akasema, "Babu, bora nikose mke kuliko wewe ukose pumzi." Akashika mkono wa koti, akavuta. Mzee akapigana. Wakaanguka pamoja na stuli, koti likachanika mgongo, likatoka. Bi Agnesi alitoka jikoni akamkuta mkwe juu ya mzee, na mikono ya mzee ni bluu mpaka mabegani. Akapiga yowe.

Zahanati waliidhani rangi ile ni damu iliyovilia, wakataka kwanza PF3, fomu ya polisi ya mtu aliyepigwa. Ndivyo tulivyofika hapa saa 10:50 jioni. Mzee alipoulizwa nani amempiga alijibu, "Nimepokea koti, nimefurahi." Hakuongeza, maana kulilaumu koti ni kuilaumu posa. Yona akasema ni rangi ya nguo. Bi Agnesi akamrukia: "Koti la Italia litoe rangi? Mwalimu mwenyewe kasema orijino!" Wote wakanitazama. Mimi nikatazama kalenda ya ukutani. Yona akavuliwa mkanda.

Nimekaa kwenye benchi dakika ishirini. Hesabu ilikuwa nyepesi, niliogopa jibu tu. Sasa nalitoa: koti ni feki, nilijua ni feki, na nilijua linatoa rangi. Hakuna aliyemdhuru Mzee Nikodemu ila mimi, kwa kupitia China.

Nilipomsomea Koplo mpaka hapo, alichukua pamba na spiriti akamfuta mzee mkono. Pamba ikawa bluu, mkono ukarudi kuwa wa Mzee Nikodemu. Koplo akauliza jina la ukurasa wa muuzaji. Nikamtajia. Akasema ana mkoba wake kutoka huko huko, wiki ya tano uko njiani. Ameniomba nisiandike hilo. Nilikuwa nimeshaandika.

Bi Agnesi amesema posa imekufa, koti limetoka wageni wakiwepo. Mzee Nikodemu akainuka: "Mimi sikulivua. Ulizeni yeyote. Nililipigania mpaka stuli ikavunjika." Kisha akanigeukia: "Na wewe, Mwalimu, lishone mgongo. Siku ya harusi utalivaa wewe, na hulivui mpaka mgeni wa mwisho aage." Harusi ni tarehe 28. Waha hatuagi upesi.

Niliyoandika ni kweli tupu, nimeyasoma mwenyewe, na aibu iliyomo ni mali yangu.

Saini: G. Ntakije

Maelezo ya afisa: Shahidi ameandika kwa hiari yake. Yona ameachiwa saa 12:20 jioni, amerudishiwa mkanda na viatu. Koti amekabidhiwa shahidi. Alama ya kidole ya bluu kwenye ukurasa wa pili si muhuri wa kituo. Kuhusu mkoba, sina la kuongeza.
Koplo Honorata