Mwanamke wa Karatasi ya Pili

2 Machi

Mke wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na kama miguu bado inakuvimba ukitoka zamu, iweke juu ya kiti kabla hujaendelea kusoma. Wasalimie wenzako wa wodi ya wazazi. Sisi huku wazima. Binti yetu amenipita urefu, sasa akiniomba kitu ananitazama kutoka juu. Mimi ni mgongo tu, na aibu.

Aibu yenyewe ni hii: matokeo ya Kiingereza yametoka. Kusikiliza saba, kuzungumza saba, kuandika saba. Kusoma sita. Mara ya pili, sita ile ile, kana kwamba ilinisubiri mlangoni. Hospitali ya huko imesema inanishikia nafasi ya kufunga mifupa katika chumba cha plasta hadi mwisho wa Agosti, na inataka saba kila sehemu. Mtihani uliobaki kabla ya hapo ni wa tarehe 18 Julai. Nikiukosa huo, tutaendelea kuwa mume na mke wa simu ya Jumapili, na mwaka wa nne ndio huu unaingia.

Darasani vijana wananiita Mkuu. Nadhani ni heshima. Mwalimu wetu ana umri wa viatu vyangu vya harusi. Kinachoniua ni ile sehemu ya kupewa habari ndefu, halafu sentensi, uandike Kweli, Si Kweli, au Haikusemwa. Juzi tulisoma habari ya mpanda milima aliyevunjika mkono, akafungwa vijiti wiki sita. Sentensi ikasema: mkono wake ulipona. Nikaandika Kweli. Mwalimu akasema Haikusemwa.

Nikamwambia, "Mwalimu, mkono wa mtu mzima, wiki sita, umepona huo. Nimefungua plasta miaka ishirini na tatu."

"Sawa, Mkuu. Imeandikwa wapi?"

"Kwenye mfupa."

Darasa likacheka, nami nikapata sifuri yangu.

Wewe ulipita mara moja tu. Nifundishe, ila si kwa simu. Jumapili simu ikishawekwa mezani kila mtu anakohoa ndani yake. Niandikie.

Mumeo


27 Machi

Mume wangu,

Miguu nimeiweka juu ya kiti kama ulivyoagiza, ndipo nikakusoma. Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Huo mgongo je? Umeambiwa mara ngapi usiwabebe wagonjwa peke yako kama magunia? Mbusu binti, panda kwenye stuli kwanza.

Ugonjwa wako naujua, nimeolewa nao. Mtu akiingia chumba cha plasta humsikilizi. Unautazama mkono, umemaliza. Hata mimi nikikueleza jambo, unalijibu lile unalodhani nimelisema. Kazini hiyo ni sifa, kwenye mtihani ni balaa. Pale huna miaka ishirini na tatu. Hujui kitu. Karatasi ikikubali, Kweli. Ikikanusha, Si Kweli. Ikinyamaza, na wewe nyamaza.

Vitabu vya mazoezi umeshavikariri, kwa hiyo nimekutungia habari mwenyewe. Ya Kiingereza iko karatasi ya pili. Hapa nakuwekea ya kwetu, uitazame baada ya kujibu. Usichungulie.

"Mwanamke mmoja anafanya kazi katika nyumba ya mzee aliyekuwa fundi saa. Nyumba ina vyumba vitano na saa kumi na moja za ukutani, na hakuna mbili zinazokubaliana. Asubuhi humwinua mzee kitandani, humwogesha, humlisha. Mchana husimama dirishani."

Moja: mwanamke anafanya kazi hospitali. Mbili: mzee ana watoto. Tatu: saa zote za nyumbani humo zinakwenda sawa.

Dakika tatu tu. Usiingize mifupa.

Mkeo


19 Aprili

Mke wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, isipokuwa binti amenyoa nyusi, na tumekubaliana kutolizungumzia.

Majibu yangu. Moja, Kweli. Mbili, Kweli. Tatu, Si Kweli.

Na sababu ninazo. Ya kwanza, huyo mwanamke si ni wewe? Na wewe si uko hospitali? Ya pili, fundi saa mwenye vyumba vitano akose watoto, hivyo vyumba vya nini? Ya tatu nimeisoma kwenye karatasi yenyewe, ila sikuona raha yoyote.

Halafu mwambie mwanamke wako asimwinue mzee kwa makwapa. Amgeuze ubavu kwanza, amshushe miguu, ndipo amsimamishe. Habari imelificha jambo hilo, na ni la muhimu.

Mwalimu anasema ninaimarika. Amesema akitazama pembeni.

Mumeo


11 Mei

Mume wangu,

Nawasalimu. Mimi nipo. Nyusi zitaota.

Umepata moja kati ya tatu. La kwanza ni Si Kweli: imeandikwa wazi anafanya kazi katika nyumba. La pili ni Haikusemwa. Nilisema wapi kwamba mwanamke ni mimi? Na kama ni mimi, basi ungesoma kilichoandikwa.

Nakutumia nyingine. Tafadhali, mume wangu, hii isome polepole.

"Fundi saa alifariki mwezi wa Februari. Wanawe walikuja, wakafunga madirisha, wakampa mwanamke wiki nne za kuhama. Sasa anafua mashuka ya hoteli, zamu ya asubuhi, na anakaa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta. Kila Jumapili hupiga simu kwao na kucheka sana."

Moja: watu wa kwao wanajua. Mbili: anacheka kwa sababu ana furaha. Tatu: anataka mume wake amfuate huko.

Mkeo


30 Juni

Mke wangu,

Salamu. Wote wazima. Sijui nianzie wapi.

Nimejibu zote tatu Haikusemwa. Nimempelekea mwalimu, akasema, "Safi, Mkuu, zote sahihi!" akanipigia makofi.

Wiki hizi zote natembea na karatasi yako mfukoni. Jumanne nilikuwa nafunga plasta mkono wa mtoto, mama yake akapiga kelele: "Baba, si huo! Ni huu mwingine!" Miaka ishirini na tatu, mke wangu, sijawahi.

Jumapili nakuuliza, "Kazi?" Unasema, "Kazi inaendelea." Halafu unacheka. Zamani nilikuwa nafurahi ukicheka, sasa nakaa nahesabu unacheka mara ngapi. Nikitaka kukuuliza, binti yuko hapo, shangazi yake yuko hapo, na wewe unaharakisha kuaga.

Nikasirike? Nikuonee huruma? Nimejaribu vyote viwili nikiwa jikoni, nikaunguza chai. Sikujua chai inaungua.

Huyo mwanamke ni nani? Safari hii nauliza, sidhani.

Mumeo


17 Julai

Mke wangu,

Kesho ndiyo mtihani, na barua yako haijafika. Kwenye simu ulizungumza na binti dakika kumi kuhusu hesabu, mimi ukaniambia, "Nitakuandikia." Nimenoa penseli sita. Naenda, ingawa sijui tena naenda kwa ajili ya nini.

Mumeo


20 Julai

Mume wangu,

Hii ni mara ya tano naiandika barua hii. Salamu zilikuwa nzuri kwenye ile ya pili, niliichana, nisamehe.

Ni mimi. Hospitali walinikataa wiki ya tatu tu. Walisema mafunzo yangu ya ukunga yamepungua mwaka mmoja. Nilikuwa nimeshaagwa kwa keki na hotuba, binti amewaambia shule nzima. Ningesemaje? Nikapata kwa yule mzee. Alikuwa mkali, lakini alinifundisha kutengeneza saa. Alipokufa nililia kuliko wanawe. Nafasi yako ya plasta ni ya kweli, niliiona kwenye ubao wao siku niliyokwenda kuulizia yangu kwa mara ya mwisho. Nikafikiri, mmoja wetu akiingia mlango ule, sitakuwa nimewadanganya sana.

Swali la tatu umelijibu vizuri. Haikusemwa kwa sababu mtungaji mwenyewe hakujua jibu. Nilitumaini utaandika Kweli kwa kiherehere chako, nami nijue la kufanya. Siku moja nataka uje ukae kwenye hiki chumba uone ukuta wangu. Siku inayofuata nataka kuwa kwetu, nisikie unavyogombana na redio.

Na wewe? Miaka miwili unasomea mtihani huu, sijakusikia hata mara moja ukisema unataka kuja.

Mkeo


14 Agosti

Mke wangu mpenzi,

Hujambo? Mgongo wangu umepona, kwa mshangao wa wote. Binti anakusalimu, nyusi zimeota. Nimemsomea barua yako yote. Akauliza kama unaweza kumtengenezea saa yake. Ndivyo alivyolipokea.

Kusoma nimepata saba na nusu. Vijana walininyanyua juu, wakashindwa, wakanishusha taratibu. Mwalimu alitaka kupiga picha na mimi. Nilicheka, na sijui nilikuwa nacheka kwa nini.

Mimi sijawahi kutaka kuja. Nilitaka kuwa ulipo. Ungekuwa chini ya bahari ningesomea samaki. Nakipenda chumba changu cha plasta, hata harufu yake, na nilidhani wewe unapenda huko. Sikukuuliza, nilijijibia mwenyewe, kama kawaida yangu.

Jana nimewaandikia hospitali ya huko, aya mbili za Kiingereza safi, kwamba nashukuru na sitakuja. Labda nimekosea. Ungeweza kusema subiri, ndiyo maana niliiposti kabla sijakuandikia wewe. Kama umekasirika, kasirika, lakini kasirikia hapa.

Kuhusu keki na hotuba: keki ililiwa, na hotuba hakuna aliyeisikiliza.

Rudi nyumbani.

Mumeo


26 Septemba, mezani

Mume wangu,

Nimefika saa nne asubuhi. Sikuwapigia, nilishindwa kusema hata sentensi moja bila kucheka kile kicheko. Jirani amenipa ufunguo, akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani.

Upande wangu wa kitanda umejaa karatasi zako za mtihani. Sikuziondoa, sikujua kama bado unazihitaji. Nimejilaza kwenye kochi.

Sijui nitaanza kukueleza nini. Ukitoka kazini ukinikuta nimelala, usiniamshe, nina uchovu wa safari ya siku mbili.

Hapana. Niamshe.

Mkeo