Mbwa Yumo, Marlys Hayumo

Harlow Creek, Nebraska,
21 Machi 1998.

Mpendwa Mama mdogo Verna,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo wa Machi. Goti lako linaendeleaje tangu ulipoteleza kwenye barafu? Na Baba mdogo Clifford, bado anabishana na madaktari? Mimi mwilini ni mzima. Moyoni ninachemka, na uniwie radhi mapema kwa nitakayoyasema.

Barua yako ilifika Jumanne. Uliuliza jambo moja tu: kwa nini jina la Marlys halimo kwenye tangazo la kifo cha mama? Nilidhani macho yako yamechoka. Nikalichukua gazeti, nikalisoma nimesimama. Halimo.

Marlys, Mama mdogo! Aliletwa kwetu alelewe akiwa na miaka sita na kisanduku kimoja, na kabla ya Krismasi alikuwa akimwita mama "mama". Mama alipopigwa na kiharusi, mimi nilikuwa na shule yangu, Dwight na mashamba yake. Aliyemgeuza kitandani na kumlisha kwa kijiko miaka tisa ni Marlys. Watoto waliotajwa ni wawili, mimi na Dwight. Wakafuata wajukuu, na mwisho Buster. Buster ni mbwa!

Nilimwendea Dwight hapo hapo. Nilimkuta mezani na mkewe, na sikuvua hata koti.

"Marlys si wa damu," akaniambia huku anatafuna. "Gazetini huandikwa ndugu wa damu."

"Na Buster ni damu ya nani? Yako?"

Mkewe akajifanya ana shughuli jikoni. Nilimwambia huyu mdogo wangu maneno ambayo mama angenipiga kofi kwayo, na sijayajutia. Angenyamaza tu, ningerudi nyumbani na hasira yangu safi. Lakini aliweka uma chini.

"Dada, si nilikuletea tangazo ulikague? Ulikaa nalo saa nzima na hiyo kalamu yako nyekundu. Ukanifokea kwa sababu ya vinukta. Leo ndiyo unaona watu?"

Alisema kweli, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Yeye alikuwa ameandika "Ameacha", akabandika nukta mbili, akamwaga majina. Miaka thelathini na moja nimewapigia kelele watoto wa watu: sentensi isimame kwanza kwa miguu yake, ndipo nukta mbili zije, kisha orodha. Nikafuta, nikaandika "Ameacha wale aliowapenda", nikaweka nukta mbili zangu, nikapanga mikato, nikabishana naye kuhusu mahali pa kumweka Buster. Nukta mbili ni ahadi, ndivyo nifundishavyo. Ulichokiahidi kabla yake, ukitoe chote baada yake. Nikaahidi wale aliowapenda mama, nikatoa mbwa. Mwalimu mzima!

Juzi nilikwenda kwa Marlys na keki ya limau, maana mwenye hatia haendi mikono mitupu. Alikuwa akikunja shuka za mama azipeleke kanisani. Mezani kulikuwa na vipande vya gazeti, vimekatwa vizuri kwa mkasi. Hicho ulichokipata wewe, Mama mdogo, alikikata yeye, na bahasha aliiandika yeye. Amewapelekea ndugu wote tangazo lisilomtaja.

Nikamwambia lilikuwa kosa, kosa langu, na Alhamisi ijayo gazeti litalichapa upya, jina lake likiwa pamoja na yetu.

"Kosa?" Akaendelea kukunja. "Ardith, nilijua limepitia kwako. Wewe huachi kosa. Nikasema basi, ndivyo walivyokubaliana."

Hakunifokea. Heri angenifokea! Keki tuliitazama tu, hakuna aliyeikata.

Nisalimie Baba mdogo na binamu yangu Glenda. Mungu akuimarishie goti na akuzidishie siku, maana bila macho yako sijui ningeendelea kujisifu mpaka lini. Nitakutumia kipande kipya kitakapotoka. Nakala nyingine nitakupa ukija.

Ila nina ombi. Usinijibu mimi kwanza. Mwandikie Marlys, na kwenye bahasha andika jina lake lote, pamoja na lile la ukoo wetu.

Mwanao akupendaye, na mwenye haya,
Ardith