Jani la Sale Ulilonitumia

Kaka yangu Aloyce,

Jani la sale ulilonitumia limenifikia hapa Dodoma, limefungwa pamoja na mkungu wa ndizi wa mama. Mwenzangu mmoja wa zege, mtu wa Singida, akaniuliza, "Huko kwenu mnatumiana hadi majani?" Nikamwambia kwetu Uchaggani aliyekukosea akikuletea hilo, huwezi kumnyima msamaha. Akacheka. "Basi huyo kaka yako mjanja."

Nakumbuka ulivyogombea udiwani. Mlingoti wa bendera ya chama tuliuchimbia sisi wawili, mvua ikitunyeshea, ukaniambia, "Mangi, huu tusikubali ung'olewe." Ulipita kila nyumba, ukanywa mbege kila nyumba. Mimi nilikuwa wakala wako kituoni. Watu wa chama kile kingine waliponiambia nitoke nje sikutoka, nikapigwa. Mwenye shamba la kahawa akanifukuza kazi kwa sababu hiyo. Sikujuta, maana ulishinda. Bibi Ndeshi, aliyebebwa mgongoni kwenda kupiga kura, alicheza na fimbo yake.

Halafu ukapanda jukwaa la wale wale tuliowashinda, ukavaa kofia yao, ukasema umeamua kuunga mkono juhudi zao. Hata mkutano wa tawi hukuitisha. Bibi Ndeshi akakuuliza pale pale, "Baba, na kura yangu umehama nayo?" Watu wakacheka. Na wewe ukacheka. Kicheko hicho ndicho kilichonifanya nisipokee simu zako.

Mimi niliishia darasa la sita, siasa za vitabuni sizijui. Ninachojua ni kwamba vijana wa kijijini kwetu sasa ukiwaambia wajiandikishe kupiga kura, wanajibu, "Ili nani akauze?" Jibu hilo linaniuma kuliko kile kipigo.

Mama alinipigia akilia. Anataka tupatane kabla hajafa. Haya. Kazi niliyopoteza na mbavu zangu nimekusamehe, kwa ajili yake. Lakini kura za wengine si mali yangu, siwezi kukusamehe kwa niaba yao. Ulipoziomba ulipita nyumba hadi nyumba. Pita tena, jani mkononi, uanzie kwa Bibi Ndeshi. Masale yote yanayozunguka kihamba chetu, shamba letu la ukoo, hayatakutosha, najua.

Wewe kata tu.

Mdogo wako,
aliyekulindia sanduku la kura