Mwanangu Anapimwa Uongo Wangu

Mpendwa Shangazi Odila,

Naomba unisaidie kabla ya Jumatano ijayo, maana baada ya hapo sitakuwa na cha kuuliza. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, naendesha basi la shule, watoto thelathini na mmoja asubuhi na hao hao alasiri, nawajua wote kwa majina na anayetapika kwenye kona namjua pia, na nina mtoto mmoja tu, Ezequiel, ambaye tangu utotoni hataki kazi nyingine ila upolisi, na sasa ana miaka ishirini na saba, mbio amefaulu, mtihani wa kuandika amefaulu, amebakiza ile mashine ya kugundua uongo ambayo usipoipita hapa kwetu huajiriwi.

Shangazi, miaka tisa iliyopita tulitoka kwenye ubatizo wa mtoto wa binamu yangu, saa kumi jioni, jua linawaka, mimi nimekunywa divai na sikuwa wa kushika usukani lakini nilishika, nikagonga pikapu ya jirani yetu mzee Baca iliyoegeshwa nje ya kanisa, hakuna aliyeumia, na kabla askari hajafika Ezequiel akaniambia, "Mama, hebu sogea huku," tukabadilishana viti, akamwambia askari kwamba ni yeye aliyekuwa akiendesha na alikuwa akimkwepa mbwa. Askari akaandika. Wiki iliyofuata ndiyo nilikuwa naanza kazi ya basi. Tangu siku ile sijaonja divai, lakini pia hatujawahi kulizungumza.

Jumanne iliyopita alipimwa. Anasema mpimaji ni mtu mpole, anakusomea maswali yote kabla hajakufunga nyaya, anakuuliza kama kuna linalokusumbua. Akasema hakuna. Walipofika kwenye "Umewahi kumdanganya askari?" akajibu hapana, majibu ya mashine yakatoka hayaeleweki, ndiyo maana ameitwa tena. Dada yangu Bernadette, ambaye hajui lolote, akaleta wazo la kumfanyisha mazoezi jikoni kwa mashine yangu ya presha, akamfunga mkononi, akamsomea maswali, namba zikakaa vizuri, kisha kwa utani akanifunga mimi akaniuliza lile lile la askari, ikapanda mpaka mia na themanini na moja. Bernadette akacheka mpaka machozi. "We ndo usiajiriwe kabisa," akasema. Ezequiel hakucheka.

Juzi namsafishia viatu nikakuta pini ya ubaoni ndani ya kiatu cha kulia, maana vijana wanaambiana ukijichoma wakati wa swali mashine inachanganyikiwa. Nikamuuliza. Akanijibu, "Mama, nilisema niliendesha mimi. Basi niliendesha mimi. Tuyaache hayo." Sasa Shangazi, nimwache na pini yake na nimwombee apite, au nimwambie aseme ukweli, nami nipoteze basi langu? Silali vizuri.

Mama wa Mmoja

*

Mama wa Mmoja,

Uliniandikia hadi namba ya basi; hiyo nimeiondoa, na majina yote nimeyabadilisha. Anayetaka kweli kuficha jambo haandiki namba ya basi. Nadhani umechoka, na nakupa pole, kwani miaka tisa ni mingi.

Pole umeipata. Sasa nisikilize. Hiyo mashine usiipe sifa isizostahili. Haijui uongo, inajua jasho, pumzi na mapigo ya moyo. Nimepokea barua za wakweli walioangushwa nayo kwa woga tu, na za waongo waliopita huku wakipiga miayo. Huenda pini ikamsaidia, huenda akavuliwa viatu akaumbuka. Lakini tuseme apite. Atavalishwa beji, na siku moja atasimama kando ya gari lililogonga, kijana atamwambia, "Ni mimi niliyekuwa naendesha," na mama wa kijana yupo pembeni, kimya. Mwanao ataandika nini?

Tena angalia ulivyouliza: umwache, au umwambie aseme. Pande zote mbili kazi ni yake. Wewe umebaki kusafisha viatu. Uongo huu ni wako, mama, yeye ni mbebaji tu, na ameubeba tangu ana miaka kumi na minane.

Basi fanya hivi. Kesho ukishawashusha watoto, mwone wakili kwanza, usibahatishe mambo ya sheria kwa maneno ya gazetini. Kisha nenda kwa msimamizi wako wa mabasi ukaseme mwenyewe, kabla hajasikia kwingine. Huenda ukanyang'anywa usukani, sitakudanganya. Ukitoka hapo, nenda kwa mzee Baca ukamwambie naye. Jumapili mwambie Ezequiel, mbele ya Bernadette, kwamba umeshasema na hana cha kukulinda tena. Jumatano aende na viatu visivyo na kitu ndani ila miguu, na mpimaji akimuuliza kama kuna linalomsumbua, ajibu kwamba lipo. Wengi wanaoajiri wanaweza kusamehe kosa la kijana, lakini si uongo wa wiki iliyopita, kwa hiyo na huo wa Jumanne auseme. Wasipomsamehe, atatafuta kazi nyingine, na safari hii hatakuwa amebeba mzigo wa mtu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jumapili hiyo ukishamaliza kusema, kaa kitini, jifunge ile mashine yako. Namba ikishuka, utajua miaka yote ilikuwa ikipima nini. Ikibaki juu, nenda hospitali, maana hiyo sasa ni presha ya kweli.

Shangazi Odila