Choo cha Pili

Bariadi Mjini

Mayu, mama yangu mpendwa,

Mwangaluka, na shikamoo juu yake. Natumaini barua hii itakukuta hapo Lalago magoti yametulia na pamba inapasuka vizuri. Sisi hatujambo. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya hapo nyumbani ni ya kaka Bundala, naye huiweka sauti ya juu uani wote wasikie. Hii isome peke yako.

Kazi idarani imechangamka. Bwana afya wetu mpya hatulii: gari la matangazo linazunguka mitaani likiongea Kisukuma, wauza pamba wanapimwa presha penye mizani, na kila nyumba inatakiwa iwe na choo bora na kibuyu chirizi cha kunawia mikono. Mimi nimepewa mtaa wetu. Nyumba ikifaulu naibandikia stika mlangoni, na sikufichi, naringa sana na zile stika.

Basi mwezi uliopita nikafika kwa mzee Luhaga, anayeishi na mwanawe na mke wa mwanawe, Nyanjige. Choo kina mlango, sakafu ya saruji, bomba la hewa. Nikabandika stika na hotuba nikatoa. Nyanjige akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia choo ni kizuri kweli, ila baba mkwe hajakikanyaga; anakwenda zake kwenye mahindi, maana hawezi kuingia anapoingia mkwewe. Nikamgeukia mzee, naye akaniuliza kwa upole mimi ni Msukuma wa wapi. Nikabandua stika yangu.

Njiani nikakuwaza wewe. Tangu niolewe unakuja na basi la asubuhi, unakataa chai, unakataa hata maji, mchana unaaga eti kuku hawana mtu. Kila ukiondoka nilikuwa nalia. Nilijua humpendi Method wangu, unamvumilia tu. Ukwe naujua, kwamba hamshikani mikono wala hamli pamoja, lakini la choo halikunijia kichwani. Nyumbani mashamba yalikuwa mapana, na bwenini hakuna wakwe. Kumbe ulikuwa umebanwa, mama yangu, na kwa haya zako usingelitamka. Nimecheka, kisha nikalia tena, kwa furaha.

Ofisini nililieleza, na sasa wenye wakwe tunawashauri wachimbe mashimo mawili. Mzee Luhaga keshaanza lake.

Nyumbani nilimwambia Method. Jumamosi akachukua sururu akaanza kuchimba nyuma ya jiko, na majirani walipotaka kumsaidia akakataa, akasema hiyo ni heshima yake mwenyewe. Choo kimekwisha, mlango unafungwa kwa ndani, na ameapa hatakanyaga upande ule.

Sasa neno nililolichelewesha. Mayu, nina ujauzito, na tumbo limeshaonekana. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa utakuja kumwona mjukuu mchana mmoja tu uondoke, na hilo nisingelivumilia. Njoo unilee uzazi. Njoo ulale hapa, ukae mpaka utuchoke wewe.

Method anasema akiwa wa kike ataitwa jina lako. Nikamkumbusha kwamba yeye kwa ukwe hawezi kulitamka jina hilo, hata likiwa la mtoto wake. Akasema analijua hilo. Binti yake atamwita Mayu.

Wasalimie wote hapo, na Bundala mwambie tu kwamba hatujambo.

Ni mimi mwanao anayekusubiri,
Kabula